Chuma Katika Kikapu cha Shukrani

Mwanya ulionekana asubuhi, Domitille alipokuwa akizungusha ufunguo. Myriam alikuwa amelala chali kitandani, kichwa kikining'inia ukingoni ili mwanga wa dirisha uingie kinywani, na mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni akiwa na kile kijiti cha waya ambacho daktari alikiita ufunguo. Alikiingiza katika tundu la parafujo ya kile chuma kilichogandishwa kwa simenti kwenye magego, katikati ya kaakaa, akasukuma kuelekea kooni mpaka tundu jingine likajitokeza, akakitoa polepole. Kisha akatazama meno ya mbele. Jana yake yalikuwa yamegusana. Sasa uzi ungeweza kupita katikati.

“Funga kinywa,” alisema. “Fungua tena. Ngoja. Yesu wangu!”

“Nini, mama?”

“Uko na mwanya!”

Mtoto aliruka kitandani akakimbilia kioo cha baba yake cha kunyolea ndevu. Alikuwa na miaka tisa, na kwa muda mrefu hakuwa amekimbilia kioo. Taya lake la juu lilikuwa jembamba kuliko la chini, kwa hiyo kila alipofunga kinywa meno yalikosa mahali pa kukutana, na taya la chini likateleza kwenda kushoto kujitafutia nafasi. Alipokula lilikwenda upande, likarudi, likaenda tena. Shuleni walimwita Mbuzi. Kidevu nacho kilikuwa kimeanza kukaa kombo, kana kwamba mtu alikuwa amekisukuma kwa kidole kikasahau kurudi.

Mama Mushiya alikuja na beseni yake kuomba maji, kwa sababu bomba la nyumba yake lilikuwa limekauka tena. Nyumba zao zilikuwa zile za matofali ambazo kampuni ya zamani ya madini iliwajengea wafanyakazi wake katika mtaa wa Dilala, zikishikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo kilio cha furaha cha nyumba moja hakikuhitaji mjumbe kufika nyumba ya pili.

“Nilisikia unaita Yesu,” alisema. “Kuko nini?”

“Angalia mutoto.”

Mama Mushiya aliweka beseni chini, akamshika Myriam kidevu, akamgeuza kuelekea mlangoni. Yeye ndiye aliyeongoza maombi ya wamama kanisani, na ndiye aliyewaita wafunge chakula kwa ajili ya mtoto huyu siku daktari aliposema kwamba uso ungeendelea kukua kombo.

“Eeeh! Mama Myriam! Huu haiko mwanya ya docta. Docta anaweka chuma. Mwanya, Mungu njo anaweka!”

“Docta alisemaka meno itaachana kidogo,” Domitille alisema, lakini alikuwa anacheka.

“Kidogo! Bibi-arusi mingi banalia ju ya kukosa hii. Myriam, cheka tuone. Cheka vizuri! Huyu batamuposa mbele ya kumaliza masomo ya primaire.”

Myriam alicheka huku akijifunika kwa mkono, kama alivyozoea. Mama yake akaushusha ule mkono.

*

Docta Nkulu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alitoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi kuja kutibu meno, hasa ya watoto, katika kabine ndogo karibu na soko la Dilala. Siku hizo benchi la kungojea lilijaa. Mama mmoja aliyevaa miwani ya jua kichwani alisogeza mkoba wake Domitille alipoketi, kisha akausogeza tena, kwa sababu Domitille aliuza bitoyo sokoni na harufu ya samaki wa chumvi haikubali kuoshwa na sabuni moja. Domitille aliona. Akamwinamia Myriam, akajifanya anamfunga kamba ya kiatu.

Ndani, nyuma ya pazia la kijani, daktari alipima kwa kijiti cha chuma ule mwanya, ambao sasa ulikuwa umepanuka, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

“Vizuri sana. Mulifanya kazi. Sasa tunaacha kuzungusha.”

“Imeisha?” Domitille aliuliza.

“Kuzungusha njo imeisha.” Daktari aliinua viganja vyake viwili, akavishikanisha, kisha akavitenganisha kidogo. “Mufupa ya juu ilifunguka hapa katikati, sawa mulango. Lakini katikati kungali bure, mufupa mupya haujafika. Unakuya polepole. Kama tunatoa chuma leo, mulango unajifunga. Chuma itabakia mpaka mvua inarudia. Kiisha tutatoa, tutamupa plaque, kitu ya kuvaa na kutoa. Kiisha tutangojea meno ya utoto ianguke. Akifika miaka kumi na mbili, tunaanza tena, na fil, waya ya kupita juu ya meno yote.”

“Tunaanza tena?”

“Ni kazi ya hatua, mama. Mutoto anakomea, anakuwa mukubwa kidogo kidogo, na siye tunafuata kukomea kwake. Akiisha kuwa mukubwa mufupa unakauka. Pale ni kupasua.”

Domitille alihesabu miaka kwa vidole. Friza ya nyumba iliuzwa kwa ajili ya hatua hii ya kwanza, na mume wake, René, alikuwa mgodini Kisenge akitengeneza magari ya kubebea manganese, akilala katika chumba cha watu wengi ili mshahara ufike mzima. Lakini si hilo aliloliuliza.

“Na mwanya?”

“Mwanya utajifunga yeye mwenyewe. Usiogope. Meno inatafutana.”

“Haitabakia?”

“Hapana. Na ni vizuri ijifunge.”

Daktari alisema kwa wema, kama mtu anayeleta habari njema. Akaziba tundu la parafujo kwa tone la simenti, akampiga Myriam bega kidogo, akaita mgonjwa mwingine. Juu ya pikipiki ya taxi-moto ya kurudi, Myriam akiwa amebanwa kati ya dereva na mama yake, Domitille aliomba kimoyomoyo. Hakuomba jambo baya. Aliomba Mungu asimwaibishe mbele ya watu waliofunga chakula kwa ajili yake. Kwa vumbi lile jekundu na kelele za malori, ombi hilo lilimjia lenyewe, na hakuona kwamba ndani yake hakukuwa na jina la mtoto.

*

Kanisa lao lilikuwa na desturi yake siku ya action de grâce, ibada ya shukrani. Aliyepona hakuja mikono mitupu. Alileta kitu cha ugonjwa wake akakiacha mbele, katika kikapu kikubwa kilichofunikwa kitambaa cheupe: mkongojo, bandeji, chupa ya dawa iliyobaki nusu. Mwaka uliopita mchimbaji mmoja wa Mutoshi alileta chuma kilichotolewa mguuni mwake hospitalini, na watu wote walisimama.

“Mi niliisha kuambia pasta,” Mama Mushiya alisema. Walikuwa uani wakichagua mawe katika maharagwe. “Jumapili ya kuya, ni wewe na mutoto.”

“Mama Mushiya, chuma ingali mukinywa.”

“Itatoka lini?”

“Docta anasema mvua ikirudia.”

“Mvua!” Mama Mushiya alicheka, akatupa jiwe. “Utaenda simama mbele ya Mungu na chuma mukinywa? Ni kusema: Baba, aksanti, lakini mi nashikilia ya docta, kama wewe unashindwa. Je, mutoto hakupona?”

“Alipona. Meno inakutana sasa.”

“Na mwanya?”

Domitille alipekua maharagwe kwa vidole. Kila asubuhi aliutazama ule mwanya, na kila asubuhi ulikuwa umepungua. Juzi punje ya mchele ingeweza kupita. Leo isingepita. Alimwamini daktari kwamba ungejifunga, na imani hiyo ndiyo iliyomharakisha. Mvua ikirudi kusingekuwa na kitu cha kuonyesha: mtoto mwenye meno kama ya kila mtu, ambaye bado anangojewa na chuma kingine. Nani angepiga vigelegele kwa hilo?

“Iko,” alisema.

“Basi onyesha kazi ya Mungu pale ingali mupya.”

Hakumpigia René simu. Alijiambia kwamba mtandao wa Kisenge ni mbaya.

Ijumaa alimchukua Myriam mpaka kwa Rémy, mtu aliyetengeneza meno ya bandia nyuma ya duka la simu sokoni. Juu ya meza yake kulikuwa na seti za meno zenye ufizi wa rangi ya waridi zikichekea hewani. Rémy alimulika kinywa kwa taa ya simu, akapiga mluzi.

“Hii ciment ni ya maana, mama. Docta mwenyewe eko wapi?”

“Lubumbashi. Unaweza ao hauwezi?”

“Mi naweza kila kitu. Mutoto ashikwe tu.”

Myriam alikuwa amekwisha kushika kitenge cha mama yake.

“Mama, docta alisemaka mpaka mvua.”

“Ninajua.”

“Sasa juu ya nini tunatoa?”

Domitille alitazama koleo mkononi mwa Rémy, akatazama mlango. Wateja wa simu walikuwa wanabishana bei upande wa pili. Kama angesema “kwa sababu ya Jumapili,” mtoto angeelewa, kwani hakuwa mjinga. Pengine angekataa.

“Mungu anapita docta,” alisema. “Mungu aliniambia umepona.”

“Alikuambia wewe?”

“Aliniambia.”

Myriam alifungua kinywa. Alikifungua sana, kwa utii wote aliokuwa nao, macho yakitazama dari. Rémy alivuta upande mmoja, simenti ikapasuka. Upande wa pili ulikataa. Aliweka goti kwenye kiti, akavuta kwa nguvu ya bega, na kitu kikalia kama njugu inayovunjwa. Damu ilijaa chini ya ulimi. Mtoto hakupiga kelele. Alitoa sauti ndefu ya puani ambayo haikuisha mpaka walipofika barabarani.

“Ni ciment tu ilipasuka,” Rémy alisema. Lakini katika kiganja chake kulikuwa na kipande cheupe kuliko simenti, akakifuta kwenye suruali kabla Domitille hajauliza.

*

Jumapili ile watu walikuwa wengi mpaka viti vya plastiki vikaazimwa jirani. Domitille alivaa kitenge kipya na Myriam akavaa gauni jeupe. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba kidogo, na mama yake alimwambia asimame akiwageukia watu kwa upande wa kushoto.

Domitille alisimulia vizuri. Alisimulia jinsi watoto wa shule walivyomwita binti yake Mbuzi, na wamama wakalia. Alisimulia mfungo. Kisha akamwambia Myriam acheke, na Myriam akacheka mbele ya watu wote bila kuweka mkono, na kile kilichobaki cha mwanya kikaonekana na walioketi mbele, nao wakawaambia wa nyuma. Ngoma zililia zenyewe. Pasta Ntambwe, mzee mpole aliyewahi kuwa fundi umeme, alikipokea kile chuma kilichofungwa katika kitambaa cha mkono, akakiinua. Alimwinamia Domitille mbali kidogo na maikrofoni.

“Docta naye anajua, mama?”

“Anajua, pasta.”

Basi akakiweka kikapuni. Watu watatu walijitoa kwa Yesu asubuhi hiyo, na hakuna mtu anayeweza kusema kwamba machozi yao hayakuwa ya kweli.

Video ya ushuhuda huo, iliyopigwa kwa simu, ilifika Kisenge kabla ya jioni. René aliitazama akiwa karakanani, atelier kama walivyoiita, mikono ikiwa na grisi, akimwomba mwenzake amshikie simu. Aliitazama tena. Aliwanunulia watu wote wa zamu yake Fanta, akawaonyesha. “Ni mutoto wangu,” alisema. “Ule wa mwanya.” Hakujiuliza kuhusu chuma. Alijua kwamba kazi ya daktari ina mwisho wake, na aliona kwamba mwisho umefika mapema, kwa neema.

*

René alirudi mwezi wa tisa, joto likiwa limekaa juu ya mji na mvua bado. Domitille alikuwa amesonga ugali wa bukari, akaupakua na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Walikula watatu. René alisimulia mambo ya Kisenge, akacheka, kisha akaacha kusimulia.

“Myriam. Tafuna.”

“Ninatafuna, baba.”

“Tafuna tena. Polepole.”

Taya lilikwenda kushoto. Likarudi. Likaenda tena. Chakula chote kilikuwa upande mmoja wa kinywa.

“Juu ya nini hautafunie upande ya huku?” Alinyosha kidole akamgusa shavu la kulia, kidogo tu, na mtoto akaruka, machozi yakamtoka kabla ya sauti.

“Fungua.”

Myriam alimtazama mama yake kwanza. Kisha akafungua, kidogo. Meno ya mbele yalikuwa yamegusana. Nyuma yake, upande wa kulia, gego kubwa lilikuwa limepasuka, jeusi katikati.

“Docta anasema nini?” René aliuliza.

Domitille alikusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

“Domitille. Docta anasema nini?”

“Hatujaenda.”

“Toka lini?”

“Toka… mbele ya ushuhuda.”

Ilimchukua muda kuelewa, na Domitille hakumsaidia. Alipomwambia habari za Rémy alisema haraka, akitazama sombe.

“Kwa hiyo docta hakujua.”

“Hapana.”

“Mi nilinunulia bantu Fanta, Domitille.” Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. “Nilionyesha bachef. Nilionyesha mpaka muzungu wa atelier. Sikatae Mungu. Mi mwenyewe naombaka. Lakini Mungu gani alikutuma kwa muuza-meno wa soko na mutoto wangu?”

“Usimutaje Mungu vile mbele ya mutoto.”

“Wewe njo ulimutaja!”

Myriam alikuwa amekwisha kushuka kitini. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mkono kinywani, akiwatazama wote wawili kama anayengojea kuambiwa nani alikuwa anasema kweli.

*

Kesho yake Domitille alikwenda kwa Mama Mushiya. Alimkuta akipasi nguo za kwaya.

“Nataka kuongea ku eglise, mbele ya pasta na bantu bote,” alisema. “Nataka kusema haijaisha. Meno ilirudia.”

Mama Mushiya aliinua pasi, akaiweka wima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga kula kwa ajili ya mtoto huyu ingawa ana ugonjwa wa sukari, akaanguka siku ya pili, na hakumwambia mtu.

“Ilirudia yote?”

“Yote. Na gego ilivunjika.”

“Mama Myriam. Bantu tatu balijitoa siku ile. Mumoja aliachaka bibi ya inje, akarudia ku nyumba. Utaenda bambia nini? Rudieni kule mulikuwa?”

“Sijue.”

“Ushuhuda haiko kitenge, kusema rangi ilitoka, unarudisha ku soko.” Alishika pasi tena, akaishusha. Sauti yake ikalainika. “Peleka mutoto kwa docta. Kimya. Vaa kitambaa, ingia, toka. Nani atajua? Mungu anajua roho yako.”

Domitille alirudi nyumbani. Maneno yale yalimpa nafuu, na nafuu yenyewe ikamtisha. Alipiga magoti kando ya kitanda cha Myriam akajaribu kuomba, lakini kila alipoanza “Baba,” alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika maikrofoni. Akabaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Siku ya daktari walikwenda watatu. Benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wake, amejishika shavu, aliketi Mamie, mwimbaji wa kwaya yao, msichana mwenye sauti kubwa hata akiwa na jino bovu.

“Alleluia! Mutoto wa ushuhuda!” alisema. Watu wakageuka. “Na ninyi munakuya fanya nini huku? Mulipona, muachie siye tunateseka!”

Domitille alimvuta Myriam karibu. René alitazama sakafu.

“Tunasindikiza baba,” Myriam alisema. “Baba njo anaumwa.”

Alisema vizuri, bila kukwama, akitabasamu kwa midomo iliyofungwa. Mamie akampa René pole. René aliinua mkono polepole akaliweka shavu lake lisilouma ndani ya kiganja, na macho yake yakakutana na ya mkewe juu ya kichwa cha mtoto. Katika miaka yote ya ndoa yao Domitille hakuwahi kutazamwa hivyo.

Nyuma ya pazia la kijani mashine ya hewa ilikuwa inanguruma. Docta Nkulu alisikiliza habari yote kutoka kwa René, aliyesema kwa sauti ya chini, bila kuuliza swali. Alifumba macho mara moja tu, lilipotajwa koleo.

“Sawa,” alisema. “Panda, Myriam. Fungua nione.”

Myriam alipanda kitini, akakunja mikono, akabana midomo.

“Fungua, mama,” René alimwambia binti yake kwa upole.

Mtoto alitikisa kichwa.

“Myriam! Docta eko na bantu mingi,” Domitille alisema.

“Mi nilipona,” Myriam alisema kupitia meno.

Daktari alisogeza taa pembeni. “Inakuuma?”

“Inaniuma. Lakini nilipona. Mungu alimwambia mama. Mukinitia chuma tena Mungu atakasirika, na itakuwa kosa yangu.”

Kisha akabana midomo tena, na sasa mwili wote ulikuwa umebana pamoja nayo. René alimtazama daktari, na daktari akaweka vyombo vyake mezani. Alisema kwamba kwa mtoto anayekataa hawezi kufanya kitu, wala hataki ashikwe tena kwa nguvu. Kama leo haiwezekani, wangojee mwezi mwingine. Lakini gego lilikuwa linaoza, na mfupa ulikuwa unakua kila siku kwa njia yake ya kombo, na wakubwa wote watatu walijua hilo.

Domitille alikaribia kiti. Aliinama mpaka sikioni mwa mtoto, akanong'ona.

“Sikusikia,” Myriam alisema.

Alinong'ona tena.

“Mama, mashini inapiga kelele. Sema nguvu.”

Pazia lilikuwa la kitambaa tu. Upande wa pili Mamie alikuwa anamsimulia mtu habari za ngoma za siku ile, jinsi zilivyolia zenyewe. Domitille alinyoka. Alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

“Mungu hakuniambia kitu,” alisema kwa nguvu.

Simulizi ya upande wa pili ilikatika.

“Hakuniambia. Mi njo nilisema. Ilikuwa bongo, uongo mutupu. Nilitaka bantu baone mwanya mbele haujajifunga. Wewe haukupona, Myriam. Chuma ilikuwa ibakie, na mi njo niliitoa.”

“Na ku eglise?”

“Na ku eglise ilikuwa bongo.”

“Na pasta?”

“Pasta aliniuliza. Nilimudanganya.”

Kwenye benchi mtu alisogea karibu na pazia. Mashine iliendelea kunguruma peke yake. Domitille alingojea mtoto alie, au amkasirikie, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Lakini Myriam alimtazama tu, kwa utulivu, jinsi anavyotazamwa mtu anayepita barabarani ambaye sura yake inafanana na ya mtu unayemjua. Kisha akageuza kichwa kwa daktari.

“Docta. Wewe ukinitia chuma tena, nitapona?”

René alimwonyesha daktari kwa macho aseme ndiyo. Neno moja, dogo, na kinywa kingefunguka. Docta Nkulu aliliona ombi hilo. Alivuta kigoda chake, akaketi, uso wake ukawa kimo kimoja na uso wa mtoto.

“Sijue,” alisema. “Gego yako ya kulia inaweza kuwa ilikufa. Kama ilikufa, sina pa kushikisha chuma vizuri. Inawezekana mufupa ukatae mara ya pili. Inawezekana tukafanya kazi yote na kesho ukiwa mukubwa bakupasue vilevile. Nitajaribu. Lakini sijue.”

Domitille alilia kwa sauti, mara moja, akajiziba kwa kitenge. Myriam hakugeuka. Alilifikiria lile jibu, nyusi zake zikiwa zimekutana, kwa muda ambao ulimfanya baba yake asogeze mguu.

Kisha akaegemea nyuma akafungua kinywa.

Taa ilishuka. Domitille alinyosha mkono wake pembeni mwa kiti ili mtoto aushike, akaupeleka mpaka ukagusa vidole vyake. Vidole havikuwa na nafasi. Vilikuwa vimeshika ncha ya koti jeupe la daktari.